Jina Lako Kwenye Kadi ya Fahali

Kaka Elia,

Barua hii sijaibandika stempu. Nimeikunja mara nne na kumkabidhi Anaeli wa baba mdogo, anayepeleka mbegu za mahindi kwa lori mpaka huko Chunya uliko. Nimemwambia asipokuona aisome kwa sauti mbele ya yeyote anayekufahamu, hata kama ni kilabuni, hata kama watu watacheka. Aibu nimeiweka pembeni. Ninaogopa, Kaka, na mfa maji haachi kutapatapa.

Anaeli ndiye aliyeniletea hofu hii. Alipita kwangu Jumamosi, akazunguka kwanza na habari za matope ya barabarani, kama kawaida yake, mpaka nikamuuliza mwenyewe.

"Elia umemwona?"

"Nimemwona, dada. Amekonda, lakini ni mzima. Anashuka mashimo ya dhahabu. Wenzake wanamwita Tangulia."

"Kwa nini Tangulia?"

"Shimo likitisha, wao wanabaki juu, yeye anatangulia. Aisee dada, kuna moja wamelikataa wote. Magogo yameoza na ukuta unachuruzika maji. Yeye amesema mvua ikikatika atalishuka."

Nilikuwa namimina chai. Ilijaa kikombe, ikajaa sahani, ikafika kwenye kitambaa cha meza, ndipo Anaeli akanishika mkono. Na huku kwetu mvua imeanza kupungua. Jana Mlima Meru ulionekana wote mpaka kileleni, nami nikatamani wingu liufunike tena, maana nilifikiri labda na huko kwenu kumeanza kuanuka.

Mwaka jana ningesema ni ukaidi wako tu. Ningesema yule aliyeshindwa kuja kumzika baba yake mzazi atashindwa nini kujizika mwenyewe. Ndivyo nilivyosema, Kaka, mbele ya shangazi na mbele ya mchungaji, nisamehe. Sasa sisemi tena. Nimelipata koti la bluu, na nimefungua mfuko ulioushona.

Ngoja nikukumbushe, ujue kwamba sijasahau.

Ule mwaka Baba alipopunguzwa kazi kiwandani, alirudi nyumbani Ngarenaro na redio na bahasha, akakaa kitandani wiki nzima akisikiliza taarifa ya habari kana kwamba wangemtaja. Kisha akaenda Mererani kuwa apolo, kushuka mashimo ya vito kama wanaume wengine waliokuwa wamechoka kukaa. Mama naye akaanza mitumba. Bibi kule Kikwe hakuzipenda zile nguo. Aliziita kafa Ulaya, kwa jina lao la zamani, akasema yeye havai shati la mtu asiyejua amezikwa wapi. Mama akacheka. Wewe na mimi hatukucheka sana, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tukipekua mifuko.

Hiyo ndiyo ilikuwa haki yetu. Mama akishafungua belo na kuanza kutenga masweta na suruali, mifuko ilikuwa yetu. Tuliokota leso, tiketi za mabasi ya miji tusiyoijua, siku moja ufunguo. Ule ufunguo ulikaa nao siku tatu ukiwaza ni mlango gani umebaki umefungwa huko. Wewe tangu mwanzo ulikuwa mtu wa kuwaza milango.

Halafu likaja lile koti la bluu la mtoto, zito, lenye kofia. Kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na kadi thelathini na moja zilizofungwa kwa mpira. Mgongoni zote zilikuwa sawa, rangi ya majani makavu ya mgomba. Mbele kulikuwa na picha ambazo sijaona nyingine za aina yake: joka linalolala juu ya paa la kanisa, mwanamke aliyetengenezwa kwa maji, fahali mwenye pembe za moto, ndege mwenye midomo mitatu. Chini ya picha kulikuwa na Kiingereza kidogo kidogo, na pembeni namba.

Mama alizitupia jicho.

"Hizo karata?"

"Hapana, Mama," ulisema upesi. "Ni picha za kujifunzia Kiingereza."

"Haya, someni."

Nyumba yetu ilikuwa ya Kilutheri, na karata ulikuwa mchezo wa walevi. Ule ndio uongo wako wa kwanza niliousikia, na wewe ulikuwa unasomea kipaimara. Niliogopa siku ile ile, mapema kabisa, nikidhani mwinjilisti ataliona jambo hilo usoni kwako Jumapili.

Lakini kweli ulisoma. Uliazima kamusi ya shule, ukakaa nayo juu ya kreti la soda, nami nikakaa mbele yako juu ya furushi la masweta. Kamusi ilikupa nusu, nusu nyingine ukatunga. Mnyama mwenye namba kubwa humla mwenye namba ndogo. Mnyama aliyelala haliwi. Ukazipanga kanuni kwenye karatasi ya daftari, moja mpaka kumi, kwa ule mwandiko wako unaolalia kushoto. Na kwa kuwa majina ya wale wanyama yalitushinda kutamka, ukachukua penseli ukawaandika majina tunayoyajua. Yule wa maji akawa Mama. Fahali akawa Baba. Shangazi ulimwandika kwenye ndege mwenye midomo mitatu, na mpaka leo sijaona picha inayomfaa zaidi.

Kosa letu lilianzia hapo. Watoto wa watu wengine wangewaita wanyama wao Simba na Chui, mchezo ukaisha. Sisi tulikuwa watoto wa Kikwe, na kwetu jina halikuwa pambo. Wewe ulipewa jina la Babu, na Bibi alikuita mume wangu, akakupa kigoda cha Babu ukae, akakulaumu wewe kwa mambo aliyoyafanya Babu kabla hujazaliwa. Alituambia, "Ukimpa mtu jina, umempa na mwenye jina." Tulilijua hilo kama tunavyojua kuamkia. Bado tukawaandika watu wetu kwenye kadi, mmoja mmoja, tukicheka.

Unaikumbuka kanuni ya kumi? Uliitoa kwenye kikao cha ukoo. Tulikuwa Kikwe likizo, wazee wamekaa kwenye benchi nyuma ya mibuni kuamua zamu ya maji ya mfereji, na mmoja wa wale waliogombana hakutokea. Babu mdogo akasubiri, akanywa kata moja ya pombe, akasimama. "Kesi ya wawili haiamuliwi kwa mmoja. Kiti kikiwa kitupu, kila kitu kinabaki kilivyo." Maji yakabaki yanaelekea yalikokuwa yanaelekea, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Ulivutiwa sana. Tuliporudi mjini ukaandika: Jambo ambalo kanuni haina jibu lake, mchezo usimame. Hakuna kinachotoka mezani mpaka wachezaji wote wawili wamekaa.

Tuliitumia mara nyingi ile kanuni, hasa mimi nilipokuwa nashindwa.

Kadi nyingine ilikuja baadaye, peke yake. Mama alifungua belo la nguo za wanaume, na ndani yake mlikuwa na suti nyeusi ya mzee, nzuri, imepigwa pasi. Ulipeleka mkono kwenye mfuko wa kifuani ukautoa polepole. Kadi moja. Mgongo wake ulikuwa ule ule wa zile nyingine, ingawa belo lilikuwa jingine na mwenye nguo mwingine. Picha ilikuwa ya mtu mrefu amesimama mlangoni. Uso haukuonekana kwa sababu ya kizingiti, mikono ndiyo ilionekana, imefunguliwa kama ya mtu anayepokea mtoto.

"Mzee alikuwa anafanya nini na kadi?" nilikuuliza.

"Labda walimzika na suti nyingine," ulisema, na Mama akatuita tukunje mashuka.

Tulimpa jina la Bwana Mlango. Maneno yake ulihangaika nayo siku mbili, ukayaandika vizuri kwenye karatasi ya kanuni: Akiwekwa mezani, anashinda wote. Lakini aliyemweka achague mmoja wa kwake. Huyo anaingia mlangoni, wala harudi. Nilikuomba tumrudishe kwenye ile suti. Suti ilikuwa imeshauzwa. Wala hukumwandika mtu kwenye ile kadi, na mimi sikukuuliza kwa nini. Tulimweka katikati ya zile nyingine, na kila nilipookota kadi ya juu niliichungulia kwanza pembeni nione ni ya nani.

Sasa ile Jumanne, Kaka. Hatujawahi kuizungumza, leo nitaizungumza mimi.

Ilikuwa mchana, mvua ya masika inapiga bati, shule imefungwa. Mama alikuwa pale pale anashona vifungo. Mimi nilikuwa nimekasirika na Baba. Aliahidi kuja Pasaka na hakuja, alituma salamu kwa mtu. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nimekaa nje siku nzima na gauni langu jipya nikiangalia njia. Hasira ile nilikuwa bado nayo. Tulicheza. Ulikuwa umenimaliza, mezani nimebakiwa na kadi mbili tu, yule wa maji na fahali, Mama na Baba. Nikaokota ya juu, akatoka Bwana Mlango.

"Mrudishe," ulisema. "Okota nyingine."

Ningeokota nyingine ningeshindwa, na nilikuwa nimeshindwa mara nne. Nikamweka mezani.

"Sasa uchague, Nanyori. Na usiseme jina. Sukuma kadi tu."

Nilimtazama Mama na vifungo vyake. Nikaisukuma kadi ya fahali, na kwa kuwa ulinikataza, nikasema. Nilisema kwa sauti, "Achukuliwe Baba. Si hajali."

Mama aliinua kichwa akauliza tunabishana nini. Ulikuwa umeshika fahali kwa ncha ya vidole, hujui umweke wapi.

Alhamisi asubuhi alikuja mwanaume mwenye udongo mweusi kwenye kucha. Mama alimkaribisha, sisi tukamwamkia, shikamoo, akaitikia bila kututazama. Akasema kuna kifusi kimeziba shimo Jumanne mchana, watu watatu wako chini, na Baba Elia ni mmoja wao. Mama aliuliza, "Jumanne saa ngapi?" Sijui kwa nini aliuliza. Mtu yule akasema mvua ilipokuwa kubwa, saa nane, saa tisa hivi.

Mkojo ulinitoka nimesimama. Mama alifikiri ni kwa habari ile, akanikumbatia, akaondoka na yule mtu na kanga mbili, tukabaki na mama mwenye nyumba. Mimi nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua ameacha jiko linawaka. Nilikaa chini ya kitanda, ukaja ukalala sakafuni kando yangu, ukaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Usimwambie mtu. Hili nitalishughulikia mimi." Kisha ukaniomba kifutio changu, kile chekundu chenye harufu ya pipi. Nilikupa. Sikuuliza cha nini. Ulikirudisha kimekuwa cheusi upande mmoja.

Ijumaa mchana Baba alitolewa, mzima, mguu mmoja umepondeka. Siku tatu chini ya ardhi! Mama alilisema kanisani mbele ya watu wote na watu wakalia. Jioni ile uliniambia kadi umezichoma nyuma ya choo. Nilienda nikaona majivu, nikashukuru, nikaacha kuwaza. Nilikuwa mtoto, Kaka, niliacha kuwaza, nikakuachia wewe.

Uliendelea kulivaa lile koti mpaka mikono ikafika kwenye viwiko. Ulipoanza kukua ukawa mtu wa kukaa karibu na mlango, wa kuondoka mapema, wa kutotaka kulala chumba kimoja nasi. Baba alirudi Kikwe, akapanda kahawa, akachechemea, akazeeka. Ulipomaliza kidato cha nne ukaondoka. Bibi alikuuliza unaenda wapi, ukasema, "Nikiwa mbali, ninyi mko salama." Tulidhani ni maneno ya kijana aliyeanza kulewa. Shangazi alisema hivyo, kwa midomo yake yote mitatu.

Baba alifariki mwaka jana, kitandani kwake, amekunywa uji. Wiki za mwisho aliniuliza, "Elia anaogopa nini?" Nikasema sijui, Baba. Nilikuwa sijui kweli.

Mwezi uliopita nilikwenda Kikwe kumsaidia Mama kutoa nguo za Baba kwenye sanduku la bati, zianikwe. Chini kabisa nikalikuta koti la bluu. Nikasema, Mama, hili nalo tulitoe, akalishika.

"Hilo acha. Elia alinililia nisiliuze. Mvulana mkubwa, analilia koti la mtoto. Nikamwahidi."

Nilipapasa mfuko wa ndani. Umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mtu asiyejua kushona. Nilimsubiri Mama aende kwa kuku, nikaukata kwa wembe.

Hukuzichoma. Zote zilikuwa humo, na karatasi ya kanuni ikiwa imekunjwa. Bwana Mlango na fahali umewafunga pamoja kwa uzi, uso kwa uso. Nikawafungua. Kwenye kadi ya fahali, mahali palipoandikwa Baba, pamesuguliwa mpaka karatasi imechubuka, na juu yake, kwa mwandiko unaolalia kushoto, umeandika Elia.

Nilikaa chini, kwenye udongo. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Neno lilitoka kinywani mwangu, na wewe ukaenda ukasimama pale alipokuwa amesimamishwa Baba, ukarudisha kifutio changu, ukala ugali. Na kesho yake Baba akatolewa, kwa hiyo uliamini umekubaliwa. Tangu hapo umekuwa unasubiri kuitwa. Ulikaa mbali ili Bwana Mlango asije nyumbani akakosea mtu. Hukuja mazishini kwa sababu hiyo. Sasa Baba hayupo, hakuna tena wa kumlinda, na nadhani umechoka kusubiri. Unatangulia kwenye kila shimo ili liishe. Je, nimekosea? Ningependa sana niwe nimekosea.

Nisikilize. Baba mwenyewe alinieleza alivyotoka, zaidi ya mara moja, akichambua maharage. Gogo moja lilianguka kimshazari likaegemea ukuta, likaacha nafasi ya watu watatu kuchuchumaa. Maji ya kunywa yalidondoka kwenye mwamba. Wenzao walichimba kwa zamu mchana na usiku, kwa sururu, na palipobana kwa mikono. Ndio waliomtoa. Yule mwenye udongo kwenye kucha alikuwa mmoja wao. Mimi ni mwalimu hapa Nduruma, nawafundisha watoto kwamba shimo huanguka kwa sababu ya mvua na magogo mabovu, na hilo ndilo ninalokuomba uliangalie kwanza huko uliko: mvua, na magogo mabovu. Hapo hahitajiki Bwana Mlango.

Hayo nayasema mchana, mbele ya ubao, nayaamini. Kisha nilikuwa nikirudi nyumbani, nazikuta kadi mbili juu ya meza, nazifunika kwa daftari. Sitakudanganya kwamba nimekua nikaacha kuogopa. Naogopa kama nilivyoogopa chini ya kile kitanda. Nilinunua kifutio nikakaa nacho muda mrefu, nikitaka kulifuta jina lako, nikashindwa. Niliwaza kwamba nikilifuta, kadi itabaki tupu, na yule aliyenyoosha mikono ataanza kutafuta mwingine. Mwalimu mzima, na diploma yangu. Unaweza kunicheka.

Kwa hiyo sikufuta. Nilichukua penseli, nikaandika Nanyori chini ya jina lako. Nafasi ilikuwa ndogo, lakini limeenea, na linasomeka.

Sasa rudi kwenye kanuni zako, ninazo hapa mkononi. Bwana Mlango anatakiwa apewe mmoja. Kadi ni moja, majina ni mawili. Nimezisoma zote kumi mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma Biblia, na hakuna hata moja inayosema ifanyike nini hapo. Kwa jambo lisilo na jibu, uliandika wewe mwenyewe, mchezo usimame. Hakuna kinachotoka mezani mpaka wachezaji wote wawili wamekaa. Hakuna mlango wala shimo linaloruhusiwa kukuchukua, Kaka, kwa sababu kiti kimoja ni kitupu. Ukishuka kwenye lile shimo utakuwa umevunja kanuni yako, na mimi nitabaki peke yangu na kadi yenye jina langu, nikimtazama yule mtu kila siku mpaka nife.

Kadi nimezirudisha Kikwe kwa Mama, karatasi ya kanuni nimebaki nayo. Nimemweleza yote, lile neno langu pia. Hakunipiga wala hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba akalitoa kreti lako la soda alilokuwa amewawekea kuku watage, akaliosha kwa majivu na maji ya mfereji, akaliweka sebuleni mbele ya meza. Amekataza mtu yeyote kulikalia. Jana alimfukuza hata mchungaji.

Mvua ikikatika, usishuke. Mvua ikikatika barabara itakuwa inapitika. Panda lori la Anaeli uje ukae.

Mimi mdogo wako, niliyelisema lile neno,
Nanyori